Mwanangu ana kifafa na ulemavu wa akili, hivi ndivyo tunavyokwenda

Naandikia wamama wenzangu wenye watoto wa hali hii maana najua mtu unavyochanganyikiwa. Wa kwangu alizaliwa amechoka, uchungu ulikuwa mrefu mno, hakulia mpaka wakamwekea oksijeni. Akachelewa kukaza shingo, akachelewa kukaa, halafu akaanza kukakamaa. Mama mkwe akasema hiyo degedege, afukizwe mavi ya tembo, tena asichomwe sindano atakufa. Mama namheshimu sana ila hospitali nilienda.

Daktari akanielewesha kwamba degedege la homa linawapata watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 wakipanda joto na mara nyingi haliachi madhara, sasa huyu alikuwa anakakamaa hata mwili wa baridi, kwahiyo ni kifafa, na chanzo ni ubongo kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wengine wanapata baada ya malaria kupanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au manjano kali ya uchanga, na wengine chanzo hakijulikani kabisa.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni simu. Ukisema tu "anaanguka" daktari hajui anaangukaje, mimi nikarekodi video, mdomo unavutwa kushoto, mkono wa kushoto unarukaruka, ndio mwili mzima unafuata. Alipoona inaanzia upande mmoja akabadilisha dawa, tena fenobabito, ile dawa ya kifafa aliyoanza nayo, ilimfanya mtoto hatulii, usiku halali, anang'ata wenzake. Tukahamia kabamazepini, inapandishwa kidogo kidogo huku ile ya zamani inashushwa taratibu, jamani msikate dawa ghafla, mtoto anaweza kukakamaa mfululizo asirudi. Na kila kliniki hakikisha anapimwa uzito, dozi inaenda na kilo, mtoto anakua dozi ibaki ileile ya mwaka jana, ataanza tena kuanguka useme amerogwa. Kwetu dawa tunachukua kliniki ya afya ya akili, watu wanaona aibu lile benchi, wewe kaa tu.

Akianguka namlaza ubavu, simuwekei kijiko wala kitu chochote mdomoni, naangalia saa, ikipita dakika 5 ni hospitali moja kwa moja.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema, dawa inazuia kuanguka, haileti akili. Nilisubiri kifafa kikitulia ataongea kama wenzake, haikuwa hivyo, ule ubongo uliumia na hilo linahitaji kazi yake peke yake. Mwalimu wa elimu maalumu akanionyesha kumfundisha kuanzia mwisho. Fulana namvalisha kichwa, namwingiza mikono yote, namwachia kuishusha tumboni tu, akishusha nampigia makofi. Akizoea hiyo namwachia na mkono mmoja. Ilichukua muda mrefu kwelikweli lakini sasa anavaa mwenyewe, choo anasema, na yupo kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu shule ya msingi ya jirani, ambako nimewaandikia walimu cha kufanya akianguka.

Kuhusu kuacha dawa, daktari anasema akitimiza angalau miaka 2 bila kuanguka tutaongea kupunguza, ila mtoto ambaye ubongo uliumia kifafa kinarudi kirahisi zaidi, kwahiyo inawezekana akaendelea nazo ukubwani, na tumeshakubaliana na baba yake kwamba sawa.