Nilivyoisoma programu ngeni kwa kuchora grafu ya miito

Programu niliyorithi ilikuwa ya lugha ya C, mistari elfu arobaini na ushei, na walioiandika walikwisha kwenda zao. Mara chache sana rekodi ileile iliandikwa mara mbili kwenye hifadhi, na mimi nilitakiwa kueleza kwa nini. Fankisheni (kipande cha programu chenye jina, ambacho vipande vingine hukiita kifanye kazi yake) inayoandika, andika_rekodi, niliiona siku ya kwanza. Ilikuwa fupi na haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwa inayoiita, na sikujua zinazoiita ni zipi.

Siku mbili nzima nilifuata majina kwa grep, zana ya kutafuta maneno ndani ya faili. Kila jina lilinipeleka faili jingine, na nikifika faili la sita nimeshasahau nilitoka wapi. Nikaamua kuchora.

Katika grafu ya miito kila fankisheni ni nodi, na mshale hutoka kwa inayoita kwenda kwa inayoitwa. Mimi nilitaka ile inayotokana na kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu, bila kuuendesha. Zana kama gprof, ambayo makala yake ilitoka mwaka 1982, huonyesha njia ambazo programu ilizipita ilipokuwa ikifanya kazi. Hitilafu yangu ilikuwa adimu, kwa hiyo njia yake ingekosekana humo karibu kila siku.

Nilianza na GNU cflow kwa kuwa hata msimbo usiokubalika na kompaila (programu inayougeuza msimbo uweze kuendeshwa) huusoma. Hutoa mti wa maandishi, na kwa -r mti hugeuka: badala ya kuona fankisheni fulani inaita nini, unaona inaitwa na nani. Nikapata fankisheni tatu zinazoita andika_rekodi. Nikapata pia majina mengi ambayo hayakuwa fankisheni bali makro, yaani vifupisho ambavyo hubadilishwa kwa maandishi yake kabla ya kukompaili, maana cflow isipoagizwa kuupitisha msimbo kwenye hatua ya kupanua makro, huona jina lenye mabano na kulihesabu kuwa mwito. Kati ya zile tatu, moja, funga_kikao, haikuwa na yeyote anayeiita. Nikaiandika kwenye daftari kuwa ni msimbo mfu, wa kufutwa baadaye.

Kisha nikajaribu egypt. Hii ni skripti ndogo ya Perl inayosoma faili ambazo kompaila ya GCC huzitoa ukikompaili kwa -fdump-rtl-expand, halafu hutoa maandishi ambayo dot, zana ya kuchora grafu kutoka Graphviz, huyachora. Faida yake ni kwamba kompaila yenyewe ndiyo iliyousoma msimbo, na makro zimekwisha kupanuliwa. Ila ni lazima ukompaili kwa -O0, yaani bila kompaila kuuboresha msimbo. Kwa -O2, inapouboresha, fankisheni ndogo humezwa na zile zinazoziita, na nodi zake hupotea.

Picha ya kwanza haikusomeka hata kidogo. Mishale ilipandana hadi katikati pakawa peusi. Weusi ule, nilivyokuja kugundua, ulitokana na fankisheni chache tu: ya kuandika logi, ya kutenga kumbukumbu, ya kuripoti kosa. Zinaitwa na kila mtu, kwa hiyo hazielezi lolote kuhusu mtu yeyote. Nikaziondoa. Halafu nikaandika mistari michache ya awk, lugha ndogo ya kuchakata maandishi, inayoanzia andika_rekodi, inakusanya zinazoiita, kisha zinazoziita hizo, mpaka isipate jina jipya. Zikabaki nodi kumi na tisa. Kumi na tisa zinaenea kwenye karatasi moja, na karatasi moja unaweza kukaa nayo mezani na kalamu. Kwa maoni yangu grafu ya programu nzima haina msomaji. Grafu ya swali moja inaye.

Kwenye karatasi ile kulikuwa na mshale wa nukta nukta, kutoka anzisha_mfumo hadi funga_kikao, ileile niliyoihukumu kuwa mfu.

Egypt huchora mstari kamili kwa mwito wa moja kwa moja, na nukta nukta pale fankisheni moja inapochukua anwani ya nyingine bila kuiita. Nikafungua anzisha_mfumo nikaona: funga_kikao inakabidhiwa kwa kipima muda kama pointa, yaani thamani inayoshika anwani yake. Muda wa kikao ukiisha, kitanzi kikuu, sehemu inayojirudia kusubiri matukio, huiita kwa mstari mmoja, ev->kazi(ev), ambao hautaji jina la fankisheni yoyote. Hakuna mshale ungeweza kutoka hapo, kwa sababu pointa hupata thamani yake wakati programu inaendeshwa. Zipo mbinu za kukadiria pointa inaweza kushika anwani zipi. Lars Ole Andersen aliieleza mojawapo iliyo maarufu sana katika tasnifu yake ya mwaka 1994. Kitanzi changu kilikuwa kimoja na usajili haukuwa mwingi, hivyo niliongeza mishale ile kwa mkono, kwa rangi nyekundu ili isichanganyike na ya zana.

Hofu ikabaki: je, zimo nyingine ambazo hata nukta nukta hazikupata? Zilikuwamo. Faili moja lilikuwa na jedwali la pointa za fankisheni lililoandikwa nje ya fankisheni zote, na egypt husoma miili ya fankisheni tu. Nilizinasa kwa kuorodhesha kila nodi isiyoingiwa na mshale wowote, main, ambapo programu huanzia, ikitolewa. Yalitoka majina thelathini na moja, nikayakagua moja baada ya jingine. Machache yalikuwa mafu kweli. Mengine yote yalikuwa hai, yakiitwa kupitia jedwali lile. Orodha hiyo ilinifundisha umbo la programu kuliko picha yenyewe, na siku hizi ndiyo naanza nayo.

Nilipokwisha kuchora mishale myekundu, njia mbili zilionekana wazi zikitoka kitanzi kikuu na kukutana kwenye andika_rekodi. Ya kwanza hupitia maliza_kikao, ujumbe wa mwisho ukifika. Ya pili hupitia funga_kikao, muda ukiisha. Maliza_kikao ilikuwa ikiandika rekodi bila kukifuta kipima muda, na kikao kilibaki kwenye orodha hadi mzunguko wa usafishaji. Muda ukiisha ndani ya pengo hilo, funga_kikao inakikuta kikao bado kipo, nayo inaandika.

Sikutaka kuiamini karatasi peke yake. Nikapunguza muda wa kikao hadi sekunde 1, nikaweka kituo cha gdb, zana ya kuisimamisha programu na kuichungulia, kwenye andika_rekodi, na kila iliposimama nikaandika bt kuona imefikaje hapo. Njia zote mbili zikatokea kwa kikao kimoja, kwa mpangilio uleule niliouchora.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: kipima muda kinafutwa kabla rekodi haijaandikwa. Skripti ya awk na faili la mishale myekundu viko sasa ndani ya hazina ya msimbo, na anayesajili fankisheni mpya kwenye kitanzi huongeza mshale wake humo siku hiyohiyo.