Wewe Ungetua?

Kuna neno limenikwama tangu Jumapili, na leo ni Ijumaa. Neno lenyewe ni "haya". Mdogo wangu, Kitindamimba, ndiye aliyelitamka, polepole, huku akinyoosha mkono kuchukua kikombe chake cha chai. Kisha akauliza unga umepanda tena au ni duka letu tu.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimetandika magazeti mezani, ile ndege ya plastiki ya kuunganisha niliyowaambia mwezi uliopita, Hurricane ya Vita vya Pili vya Dunia, ikiwa bado mbavu mbili, moja huku na moja huku, sijaziunganisha. Ni ndogo. Ukipima kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili ni sentimita 17, wakati ndege halisi ilipita kidogo mita 12. Chumba cha rubani nilishakipaka ile rangi ya kijivu inayovuta kwenye kijani, na kiti kilikuwa kimekauka. Marubani walikuwa wamesimama juu ya kifuniko cha chupa, wawili, kila mmoja mfupi kuliko njiti ya kiberiti. Wa pili nilimtoa kwenye masalia ya ndege nyingine, Spitfire niliyounda mwaka jana, ile ambayo kioo chake kiliingia ukungu kwa ajili ya supaglu.

"Dada, si ulisema hii ni ya mtu mmoja?"

Ni ya mtu mmoja. Nikamsimulia. Tarehe 15 Machi 1941, marubani wa kikosi cha 3 cha jeshi la anga la Afrika Kusini, waliokuwa wameletwa Kenya mwishoni mwa 1940 kupigana na Waitalia, walishambulia Diredawa kule Ethiopia. Ndege ya Kapteni John Frost ikapigwa, ikabidi atue kwenye kiwanja kidogo cha jirani. Luteni Kershaw alimwona kule chini, naye akashusha ndege yake palepale. Frost akapanda. Kiti ni kimoja, kwa hiyo akapakatwa. Wakagawana kazi: aliyepakatwa akashika usukani na pedali, aliyempakata akashughulikia flapsi za mabawa na magurudumu. Wakaruka hivyo hivyo, wakafika. Kershaw akatunukiwa DSO, nishani ya kijeshi ya Uingereza. Frost alipotea mwaka uliofuata katika jangwa la Libya, na ndege yake haijaonekana hadi leo, lakini hapo sikumfikisha Kitindamimba.

Alisikiliza bila kugusa simu yake. Nilipomaliza akasema, "Na wewe, ungetua?"

Nikasema, "Inategemea."

Akasema, "Haya."

Ninyi mliosoma habari ya Mtito Andei mnaelewa. Kwa wageni ni fupi: alikuwa huko kwa kibarua, akashikwa na malaria, akanipigia saa tano usiku. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nikamtumia elfu tatu kwa M-Pesa, nikamwambia atafute gesti alale, asubuhi tutaongea. Asubuhi nikatuma nyingine. Siku ya tatu akashuka kwenye basi Machakos Country Bus, kituo cha Nairobi, amekonda, begi begani, nami nilikuwa kazini. Hajawahi kunilaumu. Hata siku moja.

Sasa nikiwa kwenye matatu asubuhi, nikiwa nachonga meno ya watu pale maabara, nikiosha vyombo, nasikia: ungetua? Inategemea. Haya. Nimejaribu kujibu upya. "Ndiyo" ingekuwa uongo, naye angejua. "La" ingekuwa ukatili. "Nisamehe" haikuwa imeulizwa. Halafu najiuliza inategemea nini hasa. Gari sikuwa nalo, ni kweli, lakini mabasi ya usiku ya Mombasa yote yanapita Mtito Andei, na nauli ningelipa kwa pesa zile zile nilizotuma. Mtoto ningemwachia jirani. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi wiki hii, na kila mara inakubali.

(Wiki yenyewe: shangazi tumemzika Mwingi Jumatano, na nimepandishwa cheo. Hayo nitayaandika siku nyingine.)

Jana jioni akaja tena, ameleta sukumawiki na mayai. Mimi nilikuwa nimekwama. Nilikuwa nimekata miguu ya rubani wa juu kwa wembe na kumsugua makalio kwa msasa, lakini kila nikimweka alikaa wima juu ya mwenzake, kichwa kikapita ukingo wa kioo. Kitindamimba akavuta stuli. Akaangalia kwa muda, kisha akasema, "Amekaa kama mgeni."

"Nifanye nini?"

"Mtu akipakatwa huegemea. Angalia mtoto kwenye gari."

Akaomba wembe. Sijawahi kumpa mtu wembe wangu. Akamnyoa yule wa juu mgongoni, kidogo kidogo, unga wa plastiki ukimwangukia kwenye suruali, halafu akanyoa bega la kushoto la yule wa chini. Akawapachika. Safari hii yule wa juu akalala kifuani kwa mwenzake, kichwa kikiwa ubavuni mwa shingo, na nafasi ya kioo ikabaki. Nikatia tone la gundi kwa kijiti cha meno. Akawashika kwa kibano, mimi nikahesabu. Nilifika mia mbili. Mkono wake haukutikisika, na wangu ulikuwa chini ya wake, umeshikilia kiti.

Mtito Andei haikutajwa. Lakini alipokuwa akivaa viatu mlangoni alisema, "Usiifunge kabla sijaja Jumapili, nataka kuona wakiingia," nami nikalala kama mtoto kwa mara ya kwanza wiki hii. Kioo nitakirudisha nyuma, wazi, kama ambavyo kwenye Hurricane kilivyokuwa kikirudi, ili waonekane wote wawili.

Kuna jambo jingine. Usiku huo huo binti yangu alikuwa ananisaidia kupanga stika za maji, zile herufi na namba za ubavuni. Nikamwona ameisogeza karatasi mpaka karibu iguse pua. Nikamwambia asogee kwenye taa. Akasogea, na bado akaileta puani. Leo asubuhi pale stejini nilimtazama bila yeye kujua, na hakuisoma namba ya matatu mpaka ilipotufikia kabisa. Huwa anakaa dawati la mbele, nami nilidhani ni bidii. Kesho nitampeleka kupimwa macho. Sijui ameanza kuona hivyo tangu lini.