Liyongo, Daudi na Nuhu mbele ya wana wao

Mahubiri na hotuba nyingi ninazozisikia kuhusu wazazi na watoto wao wa kiume huelemea upande mmoja: mtoto amheshimu mzazi wake, atafute radhi zake, asimpandishie sauti. Mafundisho hayo ni ya haki. Yamo katika Amri Kumi, na yamo katika Sura ya Bani Israili, ambako mtoto anakatazwa hata kuwagunia wazazi wake waliokwisha kuzeeka. Lakini kila ninapovirudia visa vyenyewe, vya dini na vya fasihi yetu, naona uzito umelalia upande wa pili. Anayesimuliwa kwa kirefu ni mzazi ambaye mwanawe amekwisha kumgeuka, naye bado hawezi kuacha kumwita mwanangu.

Kisa kinachonishika zaidi ni cha Fumo Liyongo. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliutunga utendi wake mwaka 1913, ingawa hadithi yenyewe ilikuwa ikisimuliwa na kuimbwa katika pwani ya kaskazini tangu zamani sana. Wasomaji wengi humkumbuka Liyongo kwa ukubwa wa mwili wake, kwa upinde wake na kwa ushairi wake, na hukumbuka jinsi mfalme wa Pate alivyomwogopa akataka aondoke duniani kwa njia yoyote ile. Mimi nimeurudia utendi huu nikiwa na watoto wa kiume wanaoukaribia utu uzima, na mahali nilipokwama ni kwenye mazungumzo mafupi kati ya Liyongo na kijana wake.

Mfalme amemwita kijana huyo, amemkirimu, amemwahidi kumwoza binti yake na kumpa cheo, alimradi achunguze ni kitu gani kinachoweza kumwua baba yake, ambaye silaha za kawaida hazimdhuru. Kijana anakwenda, anakaa na baba yake, kisha anauliza. Swali lake amelipamba kwa mapenzi: anasema anataka kujua kwa sababu anamhofia baba yake. Liyongo hadanganyiki. Anamwambia wazi kwamba anahisi anatafutwa auawe. Kijana anaapa kwamba hawezi kutenda jambo kama hilo, kwani baba akifa yeye atakwenda kwa nani? Baba anamjibu kwamba anajua alivyofundishwa, kwamba hao waliomtuma nao watamhadaa, watamcheka, naye atajuta. Halafu, baada ya kuyasema yote hayo, anamtajia: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni.

Kwa nini alimtajia? Mtu anaweza kujibu kwamba shujaa wa utendi hana budi kufa, kwa hiyo siri lazima itoke. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu mtunzi angeweza kuitoa siri hiyo kwa ulevi, kwa hila au kwa mdomo wa kijakazi, lakini aliamua itoke kwa baba mwenye akili timamu anayejua anazungumza na nani. Ninavyomwelewa mimi, Liyongo alikuwa na njia mbili tu. Angemnyima kijana jibu, na kwa kumnyima angekuwa amemtangaza kuwa adui. Au angemjibu kama baba anavyomjibu mwana anayeuliza, na kuuachia moyo wa mwana huyo uamue la kufanya. Alishika njia ya pili, na akaishika baada ya kumwonya, jambo ambalo mtu aliyekata tamaa na mwanawe hasumbuki kulifanya.

Na moyo wa kijana haukuamua upesi. Sindano ilikwisha kufuliwa Pate, naye alikwisha kurudi nayo kwa baba yake, lakini siku zikapita bila ya kitendo, hata mfalme akalazimika kumwandikia barua ya kumhimiza, kwamba huku harusi iko tayari na anayengojewa ni yeye. Ndipo siku moja Liyongo akarudi amechoka kwa kuwinda, akalala mchana usingizi mzito. Kuchelewa huko ndiko kunakonifanya nisiweze kumwita kijana yule mnyama, kama tulivyozoea kumwita darasani.

Daudi naye alikuwa na mwana wa namna hiyo, ingawa kisa chake, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, kimeanza mbali zaidi na lawama ya baba ndani yake ni kubwa. Amnoni, mwana wa Daudi, alimnajisi Tamari, dada yake Absalomu. Daudi alikasirika sana, na Biblia haielezi kwamba alichukua hatua yoyote. Miaka miwili baadaye Absalomu akamwua Amnoni, akakimbilia Geshuri, akakaa huko miaka mitatu. Aliporudishwa Yerusalemu akakaa miaka mingine miwili bila ya kuuona uso wa mfalme. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Daudi alichelea mara mbili, kwanza kumwadhibu Amnoni na kisha kukaa chini na Absalomu wayazungumze yaliyowatenga. Busu alilompa mwishoni lilikuja wakati moyo wa kijana ulikwisha kuwa kwingine, na baadaye tarumbeta ikalia Hebroni kumtangaza Absalomu mfalme.

Majeshi yalipotoka kwenda vitani, Daudi aliwaagiza makamanda wake, watu wote wakisikia, wamtendee kijana yule kwa upole kwa ajili yake. Aliketi kati ya malango mawili akingoja habari, na kila mjumbe aliyefika na habari za ushindi aliulizwa swali lile lile, kama kijana Absalomu yu salama. Absalomu alikuwa amenaswa kichwa katika matawi ya mwaloni, na Yoabu, mmoja wa makamanda hao, alikwisha kumchoma. Kilio kilichofuata wengi tunakijua: katika pumzi moja Daudi anamtaja mwanangu mara tano, na kutamani laiti angalikufa yeye badala yake. Yoabu alimkemea kwa kuwapenda wanaomchukia, na kwa mambo ya utawala Yoabu alisema kweli, kwa sababu askari waliookoa maisha ya mfalme waliingia mjini kwa kunyemelea kama watu waliokimbia vita.

Kisa cha Nuhu katika Sura ya Hud ni kifupi kuliko hivi vyote. Jahazi linakwenda katika mawimbi kama milima, naye anamwita mwanawe aliyekaa kando: ewe mwanangu, panda pamoja nasi. Mwana anajibu kwamba atakimbilia mlimani umlinde na maji. Baba anamwambia kwamba siku hiyo hapana wa kulindwa ila aliyerehemiwa, na wimbi linapita kati yao. Hata hapo Nuhu hakunyamaza: alimlilia Mola wake kwamba mwanawe ni katika ahali zake, akajibiwa kwamba huyo si katika ahali zake, na kwamba vitendo vyake havikuwa vyema. Mtume wa Mungu aliyewahubiria watu wake miaka mia tisa na hamsini aliambiwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe kwamba undugu huo umekatika. Mkataji hakuwa baba.

Katika visa hivi akina baba wamepewa maneno mengi kuliko akina mama, na hapa utendi wa Liyongo unatoa kitu ambacho visa vingine viwili havina. Liyongo alipokuwa gerezani, chakula kizuri alichopelekewa na mama yake kililiwa na walinzi. Akamtuma kijakazi Saada, kwa wimbo, amwambie mama atengeneze mkate wa pumba na kutia tupa katikati. Walinzi waliudharau mkate ule wakampa mfungwa, naye akazikata pingu huku ngoma zikivuma nje na kuifunika sauti ya tupa. Na alipokwisha kuchomwa sindano, akapiga goti kisimani na mshale tayari upindeni, watu wote wakaogopa kuteka maji, mama huyo huyo ndiye aliyeombwa aende kumbembeleza kwa mashairi.

Lakini yuko mama mwingine katika simulizi, mke wa Liyongo, aliyekuwa Muoromo. Mfalme alipomgeuka kijana kama baba yake alivyombashiria, kijana alikwenda kwa wajomba zake, na mama yake mwenyewe akamkataa. Nimejaribu kumlaumu mama huyu, nikashindwa, kwa sababu alikuwa mke wa aliyeuawa na mama wa aliyeua, hali inayofanana na ya Daudi siku Absalomu alipomwaga damu ya nduguye. Daudi alihitaji miaka mitano kabla ya kuweza kumtazama usoni na kumbusu. Mama wa kijana wa Liyongo hakuupata muda huo, kwa sababu mwanawe alishikwa na maradhi ya kudhoofu, akafa kabla mtu yeyote hajawa tayari kumpokea.