Nilivyoamua kuhusu dripu ya penisilini wakati wa kujifungua

Nikiwa na mimba ya wiki 36, hapa Minnesota, daktari alinipa kijiti chenye pamba nchani akanielekeza chooni. Unakipitisha ukeni, sehemu ya chini tu, kisha kwenye njia ya haja kubwa, halafu unakitia kwenye kichupa chake na kukifunga. Ni kazi ya dakika moja. Majibu yalipotoka nikaambiwa nina streptokoki kundi B.

Hii ilikuwa mimba yangu ya pili. Ya kwanza niliilea Mombasa, na kule kliniki nilipimwa damu, mkojo, presha, kaswende na virusi vya UKIMWI, lakini jina hili sikuwahi kulisikia. Nilimuuliza daktari ni ugonjwa gani huo na nimeutoa wapi. Akaniambia si ugonjwa, hautokani na zinaa wala uchafu. Ni bakteria wanaoishi matumboni na ukeni, na hapa Marekani mjamzito mmoja kati ya wanne anao. Huja na kuondoka, na mwenyewe hahisi chochote. Hatari ni kwa mtoto anapopita njia ya uzazi, kwa sababu wakimwingia kwenye damu, mapafu au uti wa mgongo anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache tangu azaliwe.

Nilimwomba anipe hesabu kamili, maana mtu akikuambia "kuna hatari" bila namba hujui uogope kiasi gani. Akasema: mama mwenye bakteria hawa asipopewa dawa, uwezekano wa mtoto wake kuugua wiki ya kwanza ni 1 kati ya 200. Akipewa antibiotiki kwenye mshipa wakati wa uchungu, unashuka hadi 1 kati ya 4,000. Niliziandika namba hizo kwenye simu. Usiku nilikuwa nikizifungua na kuzitazama, kwa sababu zote mbili zilikuwa zinanivuta. Watoto 199 kati ya 200 hawaugui hata bila dawa. Lakini yule mmoja anaweza kufa, au akapona na kubaki na ulemavu wa kusikia au wa akili.

Mamangu nilipompigia alinijibu kama nilivyotarajia. "Mwanangu, wewe na nduguzo nimewazaa bila hayo mavijiti, na wote mko hai." Kweli tuko hai. Lakini mtaani kwetu palikuwa na watoto waliokufa wakiwa na siku mbili au tatu, ikasemwa ni homa au ni mapenzi ya Mungu, na hakuna aliyejua kilichowaua. Watafiti waliopima karibu wajawazito 8,000 Kilifi walikuta takriban 12 katika kila 100 wana bakteria hawa, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulikuta 23 kwa 100. Wapo kwetu pia. Tofauti ni kwamba hawatafutwi.

Hofu zangu zilikuwa za kweli, na sipendi mtu anayemwambia mjamzito "wewe meza tu dawa, acha maswali". Ya kwanza ilikuwa tumbo la mtoto. Nilikuwa nimesoma kwamba antibiotiki anayopewa mama wakati wa uchungu hubadilisha bakteria wazuri wa tumboni mwa mtoto. Daktari hakukataa. Alisema tofauti inaonekana miezi ya mwanzo, kwa wengi hupungua mwaka wa kwanza unavyosonga, na kunyonyesha kunasaidia sana. Hilo nililiweza, kwa sababu wa kwanza nilimnyonyesha mpaka akaanza kukimbia.

Ya pili, sikutaka kulazwa kitandani na dripu. Wa kwanza nilimzaa nikitembea ukumbini nimeshika ukuta, na najua uchungu wangu unavyonyooka nikiwa nimesimama. Daktari akanieleza kwamba dawa yenyewe huingia kwa muda mfupi, kisha mpira unachomolewa, kanula, yaani kijimpira chembamba kilichoingia mshipani, inabaki mkononi imefunikwa, na mtu anatembea atakavyo mpaka dozi inayofuata baada ya saa 4.

Nikauliza pia kwa nini nisimeze vidonge mapema, nimalize mambo kabla ya uchungu kuanza. Haifai. Bakteria hao hurudi haraka baada ya dozi kwisha, kwa hiyo unaweza kuwa umewaua wiki ya 37 na ukawa nao tena siku ya kuzaa. Ni mkojo tu ndio una sheria yake: wakionekana kwenye mkojo wakati wowote wa mimba, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) hutibiwa hapo hapo, na dripu ya siku ya kuzaa inabaki pale pale. Shoga yangu mmoja alinishauri niweke punje ya kitunguu saumu ukeni usiku hadi majibu yageuke. Simlaumu, alinipenda. Lakini hata majibu yakigeuka, mtoto hajakingwa, kwa sababu hakuna anayejua bakteria watakuwa wapi siku ya uchungu. Na kitunguu kinaweza kuunguza.

Njia ya katikati ilinivutia zaidi ya zote: nisubiri, na nichomwe dawa tu ikiwa kutakuwa na dalili ya hatari, yaani homa, chupa kupasuka na kukaa saa 18 au zaidi, au uchungu kuanza kabla ya wiki 37. Uingereza huangalia dalili za namna hiyo, hawapimi kila mjamzito. Marekani nao walikuwa wakiruhusu hivyo, hadi mwaka 2002 walipoamua kila mjamzito apimwe, baada ya kulinganisha njia mbili na kuona kwamba kupima kunaokoa watoto wengi zaidi. Sababu ni kwamba wapo watoto wanaougua ambao mama zao hawakuwa na dalili hata moja. Mimi tayari nilikuwa nimepimwa na najua ninao. Kujifanya sijui ili nisubiri homa, moyo wangu ulikataa.

Hapo ningekuwa nimeshaamua, isipokuwa jambo moja lililoandikwa kwenye faili langu: mzio (aleji) wa penisilini, na dawa ya dripu yenyewe ndiyo hiyo penisilini.

Niliandikisha hivyo kila hospitali niliyoingia tangu nikiwa msichana, kwa sababu nyumbani ndivyo ilivyosemwa. Daktari aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Ilitokea nini hasa?" Sikujua. Nikampigia mamangu tena.

"Ulikuwa na mafindofindo, ukapewa ile dawa ya maji ya rangi ya waridi. Baadaye ukatokwa na vipele tumboni na mgongoni."

"Mama, nilivimba midomo? Nilishindwa kupumua?"

"La. Ulikuwa unacheza uani na vipele vyako. Nilikupaka kalamaini vikaisha."

"Vilianza siku ile ile?"

"Siku za mwisho mwisho za dawa."

Maelezo hayo ya mamangu yalikuwa na thamani kuliko faili lote. Vipele vinavyotoka siku kadhaa baada ya kuanza dawa, bila uvimbe wala kubanwa kifua, kwa mtoto mwenye maambukizi, mara nyingi si mzio hatari. Na watu 9 kati ya 10 walioandikwa kuwa na mzio wa penisilini, wakipimwa vizuri huonekana wanaweza kuinywa. Wapo pia ambao mzio wao huisha miaka inavyopita. Nikatumwa kwa daktari wa mizio, na nikaambiwa kipimo hicho ni salama hata ukiwa mjamzito.

Alinichora mstari wa vitone kwenye mkono kwa kalamu, akadondosha tone kando ya kila kitone, kisha akatoboa ngozi kidogo kwa kijisindano. Kimoja kilikuwa cha makusudi cha kuwasha, ili aone ngozi yangu inajibu. Hicho kiliwasha kama kuumwa na mbu na kikavimba. Vya penisilini vilikaa kimya. Akanichoma tena, sasa ndani ya ngozi, bado kimya. Mwisho akanimezesha amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, nikaketi pale pale nikiangaliwa presha na kupumua, na hakuna kilichotokea. Akaifuta ile aleji kwenye faili mbele yangu.

Kwa nini nahangaika hivi na sehemu hii? Kwa sababu dawa mbadala si nzuri kama penisilini. Mwenye mzio mdogo hupewa sefazolini, nayo ni nzuri. Mwenye mzio mkali hupewa klindamaisini, lakini lazima kwanza maabara ithibitishe kwamba bakteria wake wanauawa nayo, kwa maana wengi wao wamekuwa sugu. Ikishindikana ni vankomaisini. Na maabara haifanyi kipimo hicho cha usugu mpaka iambiwe kwamba mgonjwa ana mzio wa penisilini. Mtu akifika leba hayo hayajafanywa, uchungu umepamba moto, wauguzi wanachagua gizani. Kama wewe una neno hilo kwenye faili lako, lishughulikie ukiwa bado na wiki kadhaa mbele.

Basi nikaamua kuchukua dripu, na nikaamua kwa roho safi. Nikamwambia mume wangu tusikae nyumbani kusubiri uchungu ukolee, kwa sababu mtoto wa pili huja kwa kasi na dawa inafanya kazi vizuri zaidi ikipata angalau saa 4 kabla hajazaliwa.

Chupa ilipasuka alfajiri. Tukaondoka. Muuguzi aliniwekea kanula nyuma ya mkono wa kushoto kama nilivyoomba, akafungua dawa. Hapo kuna kitu ambacho sikuwa nimeambiwa: penisilini inachoma kwenye mshipa. Mkono wote hadi kwenye kiwiko uliwaka moto, na nikadhani mzio umerudi. Nikamwita. Akaangalia ngozi, akanisikiliza kifua, akapunguza kasi ya dripu na kunifunga kitambaa cha joto mkononi, na maumivu yakapungua sana. Dozi ilipokwisha alichomoa mpira, nami nikashuka kitandani nikazunguka chumba nimeegemea bega la mume wangu. Dozi ya pili iliingia nikiwa nimekaa juu ya mpira mkubwa wa mazoezi. Binti yetu alizaliwa mchana huo akilia kwa nguvu, na kwa kuwa dawa ilikuwa imepata muda wake hakutolewa damu ya ziada. Walimwangalia tu joto na kupumua.

Gharama niliyolipa ilikuwa fangasi ukeni siku zilizofuata, nikapewa krimu na ikaisha. Binti hakupata utando mdomoni.

Kuna jambo daktari alilirudia kabla hatujaruhusiwa, nami nalirudia kwa kila mjamzito ninayezungumza naye. Dripu ile inakinga wiki ya kwanza tu. Bakteria hawa wanaweza kumpata mtoto hata baadaye, hadi miezi mitatu, na hapo dawa ya leba haina msaada. Mtoto anayekataa kunyonya, anayelala na haamki hata ukimkuna nyayo, mwenye joto au mwenye mwili wa baridi kuliko kawaida, anayeguna anapopumua au kubadilika rangi, hapelekwi dukani kutafutiwa dawa ya homa. Anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Mdogo wangu aliyeko Mtwapa ana mimba ya miezi saba sasa. Huko kipimo hiki hakimo katika vya kawaida vya kliniki, ukikitaka unakiomba mwenyewe, na si kila maabara inakifanya. Tumekubaliana aulize hospitali kubwa ya Mombasa kama wanacho na ni shilingi ngapi, nimtumie hela. Kisipopatikana, amwambie mkunga wake mapema kwamba chupa ikipasuka na uchungu usianze, au akipata homa, wasimwache akisubiri bila antibiotiki. Ameshaandika hayo nyuma ya kijitabu chake cha kliniki, pamoja na kwamba yeye penisilini hana tatizo nayo. Kwa mamangu tumethibitisha.