Taya la mbuzi

Jana huku Kibosho, Moshi, tulichinja mbuzi. Baada ya supu nikabaki na kichwa mkononi: mbele juu hakuna jino hata moja, ila magego yana matuta makali kama tupa. Mwanangu akauliza, "Baba, sasa majani anakulaje?"

Jamani, swali tamu! Nikamsimulia miamba ya Ruhuhu, kule kusini mwa nchi yetu. Humo yametoka mabaki ya disinodonti, jamaa wa kale wa mamalia: mdomo mgumu kama wa kobe, na wengi walikuwa na chonge mbili ndefu. Yumo pia Skalenodoni, jamaa mwingine wa kale wa mamalia, wa zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Magego yake mapana, ya juu na ya chini yakikutana kusaga mimea, kama ya mbuzi wetu.

Taya la mbuzi mwanangu amelilaza chini ya mto wake wa kulalia.