Nilivyoizoea ile "I" inayodandia nomino kwenye Kiingereza

Misamiati haikuwa tatizo langu kihivyo, mtu unaweza kumeza kamusi nzima na bado ukakwama pale pale, kwenye nomino iliyokaa zake halafu ghafla nyuma yake inakuja "I" bila hata kupiga hodi. "The lodge I told you about." "The money I sent." Unasoma unajiuliza sasa hii "I" imetokea wapi, sentensi nyingine imeanza au ni ile ile? Sekondari tulipita hapo fasta fasta, tukaambiwa kuna who, which na that, tukajaza nafasi zilizoachwa wazi tukaenda zetu likizo. Hakuna aliyetuambia kwamba kwenye Kiingereza cha kila siku hizo who na that zenyewe mara nyingi hazipo!

Mimi nipo Arusha, ofisi ya utalii, upande wa kupokea maombi ya wageni, yaani kazi ni kusoma imeili na kujibu kutwa nzima. Na wageni hawaandiki Kiingereza cha mtihani wa kidato cha nne, wanaandika wanavyoongea. Mgeni anakuandikia hivi: "The driver I asked for the day I wrote to you is the one I want for the whole trip." Hebu hesabu, kuna "I" tatu na hakuna that hata moja. Ukiisoma neno kwa neno inakuwa vurugu tupu, dereva mimi niliomba siku mimi niliandika... basi nikawa naiandika kwa Kiswahili pembeni, sio kutafsiri kwa uzuri, kuielewa tu: dereva niliyemwomba siku niliyokuandikia ndiye ninayemtaka kwa safari nzima. Ndo hapo nikashtuka. Kumbe kwenye hizo "I" tatu kuna O-rejeshi tatu, -ye-, -yo-, -ye-, zile zile tulizofundishwa na mwalimu wa Kiswahili. Sisi kiungo tunakificha ndani ya kitenzi, wao wanakiweka nje kati ya nomino na kitenzi (ndo hizo who, which na that), na kikiwa nje ni rahisi kukidondosha.

Na kwa nini wanakidondosha bila kupotea? Kwa sababu ya "I" yenyewe. "I" ni ya mtenda tu, ikitendwa inageuka "me". Kwa hiyo ukikuta nomino na "I" zimegusana bila koma, mara nyingi ujue hapo kishazi kipya (kipande cha sentensi chenye kitenzi chake) kimeanza na kinaielezea hiyo nomino, huhitaji alama nyingine. Ila nomino ikiwa ndo mtenda huwezi kufuta kiungo: "the driver who called me" ukiondoa who inabaki "the driver called me", dereva alinipigia, nukta, imekuwa sentensi inayojitegemea. Hiyo tofauti moja ilinipunguzia maumivu ya kichwa sana.

Sasa kuna that ya aina mbili na hapa ndo penye utamu. Angalia hizi:

"The news that I got."
"The news that I got the job."

Zinafanana maneno matano mazima, lakini ya kwanza ni habari niliyoipata, ya pili ni habari kwamba nimepata kazi. Kwa Kiingereza neno ni lile lile, kwa Kiswahili tumeshazitenganisha, moja inachukua O-rejeshi, nyingine inachukua kwamba. (Japo hata sisi ukichimba zinakutana, kwamba na amba- zote zimetoka kwenye kitenzi cha zamani kuamba, maana yake kusema.) Basi mimi nikafanya hicho ndo kipimo changu. Nikikutana na that baada ya nomino namuuliza Mswahili aliyeko kichwani, hapa ungesema nini? Akisema -yo- au -cho- au -ye- najua mbele kuna pengo, kitu kimeondolewa. Akisema kwamba najua kishazi kimekamilika, hakuna kinachopungua, na hapo that yenyewe ni vizuri uiache, hasa ukiwa unaandika. "The fact that I paid in full", ukweli kwamba nimelipa zote. "The feeling that I", "the idea that I", "my fear that I", hizo zote ni familia ya kwamba. Lakini "the fact that I mentioned", hapo ni jambo nililolitaja, tumerudi kwenye pengo. Neno fact halikuambii lolote peke yake, mpaka usome mpaka mwisho uone kama kitenzi kimeshiba.

Hilo pengo ndo linalowatesa watu wengi wa huku, na sababu ni lugha yetu wala sio uzembe. Sisi tunasema gari nililolikodi, -lo- ni gari na -li- inayoifuata pia ni gari, tumelitaja mara mbili ndani ya neno moja na hakuna anayelalamika. Ukihamisha hiyo kwenda Kiingereza unapata "the car that I hired it", ambayo utaisikia kila kona kuanzia ofisini hadi kwenye matangazo. Kiingereza hakitaki hiyo it, pengo liachwe pengo. Ninachofanya mimi nikimaliza kuandika narudi kuangalia kama kuna it, him, au them imekaa mwishoni mwa kishazi cha aina hii, naifuta, basi.

Ila usifute kupita kiasi! Mgeni niliyekuwa naongea naye ni "the guest I was talking to", him inaondoka lakini to inabaki inaning'inia. Kisu nilichokatia nyama ni "the knife I cut the meat with". Umeona? Kile kiambishi cha kutendea kwenye katia ndo with ya mwisho. Hoteli niliyofikia, "the hotel I stayed at". Kwa hiyo kitenzi changu cha Kiswahili kikiwa na naye, nacho, au hiyo mikia ya -ia na -ea, naenda kuchungulia mwisho wa Kiingereza kama kale kaneno kadogo kapo. Sio kila mara, ila mara nyingi kanatakiwa. Wapo watakaokwambia usimalizie sentensi na vineno hivyo, hata mimi niliambiwa. Hayo malalamiko ni ya zamani, mshairi wa Uingereza Dryden alimsema mwandishi mwenzake Ben Jonson kwa jambo hilo mwaka 1672, na Jonson mwenyewe alikuwa ameshafariki muda mrefu, hata kujitetea hawezi jamani. Waingereza waliendelea kuongea hivyo hivyo mpaka leo, na mgeni anayeandika "the guest to whom I was talking" kwenye imeili ya kawaida bado sijakutana naye.

Halafu kuna kundi la muda, hili lilinichukua muda kulizoea maana Kiswahili hapa kinaimeza nomino kabisa. "Every time I call" ni kila nikipiga. "The minute I land" ni nikitua tu. "The next time I come" ni siku nyingine nikija. Yaani time na minute pale ni nomino kwa sura ila kazi wanayofanya ni ya kiunganishi, usianze kutafuta dakika yoyote. Na ukiandika ya mbeleni usiweke will, ni "the minute I land I'll call you", will inakaa upande wa pili tu. Ukiifikiria kama nikitua badala ya nitakapotua inakaa yenyewe.

"The way" nayo ina kiburi chake. Unaweza kusema the day when I, the place where I, the reason why I, lakini the way how I haikubaliki, ni "the way I" au "how I", chagua moja. Sisi tuna jinsi nilivyo, vitu viwili vinatembea pamoja, ndo maana how inajipenyeza.

Kwa simu ni shughuli nyingine kwa sababu "I" yenyewe inaliwa, inakuwa I'd, I've, I'll na inaungana na nomino ya mbele, "the one I'd like" inasikika kama wanaidlaik. Nilichofanya ni kurudia voisi za wageni nikiwa nimefumba macho, nasikilizia nomino halafu hako ka "ai" kanakoifuata, mengine nayaacha yapite. Taratibu sikio likazoea.

Mwisho, hii ya and. "My husband and I would like" ndo mwanzo wa imeili nyingi sana, ikiwa upande wa kutendewa inageuka "please send my husband and me", japo wenyewe wanachanganya sana tu. Lakini kwetu kuna kitu kingine, mtu anasema tutakuja na mume wangu na anamaanisha wawili, yeye na mumewe. Ukimwandikia mwenye loji "we will come with my husband" yeye anahesabu kuanzia watu watatu, anaandaa vitanda vitatu na bei inapanda. Kwa hiyo mteja Mswahili akiniambia tutakuja na fulani, kabla sijaandika chochote kwa Kiingereza namuuliza kwanza, jumla mko wangapi?