Kabla hujajaza LED kwenye dashibodi ya Kombi, soma hii

Kila mwaka ikikaribia masika ya huku Ujerumani watu wanaanza kutoa gereji magari yao ya kulalia na mi naanza kupata meseji, nyingi kutoka kwa Wabongo wenzangu waliojinunulia Kombi za zamani, na swali ni lilelile, kaka usiku dashibodi haionekani kabisa, niweke LED gani? Jibu langu huwa refu kuliko wanavyotaka kwahiyo leo naliandika lote sehemu moja.

Gari ninaloongelea ni Volkswagen T2, ile Kombi yenye kioo kimoja kipana mbele, Hannover walizitengeneza kuanzia 1967 mpaka 1979 (Brazil wao waliendelea na Kombi mpaka 2013!). Yangu ya 1977, injini ya cc 1600 ya kupozwa na upepo, na ndani iliwekwa kitanda, kabati na jiko na Westfalia ya kule Wiedenbrück, hao jamaa kazi ya kugeuza Kombi kuwa nyumba waliianza 1951. Shikilia hapo kwenye kupozwa na upepo, tutaparudia.

Dashibodi yenyewe ni ya kawaida sana. Spidomita, geji ya mafuta, na saa kama mnunuzi wa kwanza alilipia saa, asipolipia kuna kifuniko tu. Geji ya joto hakuna, maana maji yenyewe hayapo. Usiku vyote hivyo vinamulikwa na vibalbu vidogo vya wati 1.2, wati moja na kitu jamani, na ule mwanga wake wa njano njano mi naupenda kupita maelezo, unawasha taa jioni mko porini, watoto wako nyuma kitandani, na mbele yako namba zinaonekana taratibu bila kukupigia kelele machoni. Wale waliotengeneza walifikiria, maana kile kitufe cha taa unachokivuta kuwasha, ukikizungusha mwanga wa dashibodi unapanda au unashuka. Wengi wamenunua gari na hawajawahi kukizungusha.

Na ndo nasema anza hapohapo kabla hujaagiza chochote. Ndani ya hicho kitufe kuna waya wa kupunguza umeme, ukikaa miaka bila kuguswa unashika kutu, umeme unapita kwa shida, mwanga unafifia. Kizungushe kwenda na kurudi mara nyingi, kwa nguvu kidogo, taa zikiwa zinawaka, na kuna magari mwanga unarudi hapohapo huku unatazama. Kama haujarudi chomoa betri (usiache hii, nyuma ya dashibodi kuna waya mwekundu ambao una umeme muda wote hata funguo umetoa), fungua kebo ya spidomita kwa nyuma upate nafasi ya mkono, alafu vuta vishikio vya balbu kimoja kimoja. Angalia kioo cha balbu yenyewe. Balbu iliyowaka miaka mingi inakuwa na weusi kwa ndani, ni ile nyuzi yake inayogeuka mvuke kidogo kidogo na kugandia kwenye kioo, yani inawaka vizuri tu ila mwanga hautoki. Weka mpya ya wati ileile, piga msasa laini kwenye kishikio paonekane bati safi, na fuata waya wa kahawia, huo ndo athi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) kwenye magari ya Kijerumani, hakikisha umebana vizuri kwenye bodi. Wa kijivu wenye mstari wa bluu ndo unaoleta umeme wa taa za dashibodi. Mara nyingi kazi inaishia hapa, kwa pesa ndogo sana.

Sasa LED. Sina ugomvi na LED, kule nyuma ninapolala zimo, zinakula umeme kidogo na betri inakaa. Lakini nyuma ya spidomita ile nyeupe yenye ubluu inanikera, kwanza inamulika upande mmoja kwahiyo unapata doa la mwanga hapa na giza pale, pili kile kitufe cha kupunguza kinakuwa hakina kazi tena maana kilipimwa kwa balbu inayokula umeme mwingi zaidi, LED inabaki kali vilevile hata ukizungusha mpaka mwisho. Na jicho la mtu likitoka kwenye mwanga linahitaji kama nusu saa kuzoea giza lote, na mwanga wa bluu ndo unaoliharibia haraka, mwekundu na njano unaliacha salama zaidi. Ukiwa kwenye barabara ya msituni saa tano usiku unatafuta kibao cha kambi, hiyo tofauti utaiona, tena kioo cha mbele cha Kombi kimesimama karibu na uso wako na chochote kinachong'aa kwenye dashibodi unakiona tena kwenye kioo.

Lakini hayo ni mambo ya starehe. Kilichonifanya niandike ni taa nyekundu ya chaji, na hapa naomba usome taratibu.

Kwenye Kombi yenye alteneta (ile mashine inayozungushwa na injini na kuchaji betri) ile balbu nyekundu siyo ya kukupa taarifa tu, ni sehemu ya mfumo wa chaji. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, umeme unatoka kwenye swichi, unapita ndani ya balbu, unafuata waya wa bluu (kwenye michoro ya Wajerumani utauona umeandikwa 61) mpaka kwenye alteneta, na ule umeme mdogo ndo unaoipa alteneta usumaku wa kuanzia. Injini ikizunguka alteneta inazalisha yenyewe, umeme unakuwa sawa pande zote mbili za balbu, taa inazima. Sasa balbu ikiungua, au ukiitoa ukaweka LED isiyopitisha umeme wa kutosha, alteneta inaweza isianze kuchaji kabisa, au isianze mpaka ukanyage mafuta sana. Mtu anabadilisha betri, anabadilisha alteneta, kumbe shida ni kibalbu cha bei ya peremende. Mimi hiyo nyekundu nimeiacha balbu ya nyuzi na itabaki hivyo.

Na kwa sisi wa 1600 kuna kubwa kuliko hiyo. Kwenye injini hii feni ya kupoza injini imefungwa kwenye shafti ileile ya alteneta, na vyote viwili vinazungushwa na mkanda mmoja. Mkanda ukikatika chaji inakufa na upepo unakufa sekunde hiyohiyo, na geji ya joto hatuna, kwahiyo kitu pekee kinachokwambia injini inaanza kuungua ni ile taa nyekundu. Ikiwaka ukiwa barabarani usiseme ni chaji tu nitafika nayo, paki, zima, nenda nyuma ukaangalie mkanda. Wenye zile injini kubwa za 1700 mpaka 2000 wao feni iko kwenye krenki (shafti kuu ya injini) moja kwa moja, wanayo nafuu kidogo, ila 1600 hatuna nafuu. Beba mkanda wa akiba na spana yake, muda wote.

Kama ndo unaenda kununua, basi kabla ya kuangalia mapazia na jiko kaa kwenye kiti, washa swichi bila kupiga stata, nyekundu ya chaji na ile ya oili lazima ziwake zote mbili. Isipowaka mojawapo muulize muuzaji, na hapo usikubali jibu la "balbu tu hiyo". Piga stata, zizime. Alafu subiri kigiza kiingie, washa taa, zungusha kile kitufe, washa taa za fulu uone kama ile ya bluu inatokea, indiketa kulia kushoto, na uone geji ya mafuta kama inasomeka. Muuzaji ataona unamchelewesha, mwache aone hivyo.